Firigisi ni ya nani? Namna ya kuandika hadithi ya kuchekesha juu ya nyumba yenu

Katuba, mtaa wa Lubumbashi nilikokulia, kila lupango lina msimuliaji wake. Umeme ukikatika, viti vikitolewa nje chini ya mwembe, yeye anaanza: siku baba alipomfukuza mgeni kumbe ni mkwe, siku mama alipouza redio ya baba mkubwa bila kumwambia. Watu wanashika mbavu. Kesho yake mwambie aandike kisa kile kile, atakuletea kurasa mbili ambazo hata yeye mwenyewe hazimchekeshi.

Vijana wa hapa Lubumbashi huniletea maandishi yao, na karibu kila mara nakuta kosa ni lile lile. Usiku chini ya mwembe alimwigiza baba akiwa na hasira ya kweli. Alipokaa na kalamu akamgeuza baba kuwa kikaragosi: tumbo kubwa, sauti kubwa, akili ndogo. Hapo hadithi ikafa. Mtu anayechekesha katika hadithi ya nyumbani hajui kwamba anachekesha. Yuko kazini, anapigania heshima yake. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

(Lupango, kwa msomaji wa mbali, ni kiwanja chenye ukuta na geti moja. Mbele kuna nyumba kubwa, nyuma mara nyingi kuna vyumba vya kupangisha, bomba moja la maji na masikio mengi.)

Hatua ya kwanza: tafuta shida yenye bei na yenye siku

"Familia yetu ilikuwa na matatizo" haichekeshi wala hailizi. "Baba hakuwa na kazi" ni afadhali kidogo. Sasa soma hii: Baba alibakiwa na noti moja ya dola 50, imepasuka pembeni, na ada ya mtihani wa Yaya, binti yake mkubwa, ilitakiwa Ijumaa. Hii inatembea yenyewe. Ina kiasi, ina kitu kinachoshikika mkononi, ina siku ya mwisho.

Nitautumia mfano huu hadi mwisho, basi niueleze. Kwetu dola hutumika bega kwa bega na faranga za Kongo, lakini noti ya dola yenye mpasuko hata wa upana wa ukucha hukataliwa dukani na sokoni. Ni pesa kamili na wakati huo huo si pesa. Baba wa hadithi ni mmoja wa wale walioacha kazi migodini. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga walipokea malipo ya mwisho na kurudi nyumbani, na kwa watoto wa umri wangu hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko uchaguzi wowote: baba aliyekuwa akionekana jioni tu, sasa yuko lupangoni asubuhi, mchana na usiku.

Andika shida yako kwa mstari mmoja. Kama mstari hauna namba wala siku, endelea kutafuta. Karo ya muhula, mbuzi wa mahari, viti vya kuazima vilivyovunjika msibani, vyote vinafaa.

Hatua ya pili: andika kila mtu mzima analinda nini

Hapa usiwe na haraka. Mimi hukaa na hatua hii wiki nzima kabla sijaandika sentensi ya kwanza.

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika majina ya watu wazima wote wa nyumba, kulia kitu ambacho kila mmoja angeona aibu kukipoteza. Usiandike tabia, kama "mkali" au "mchoyo". Andika kitu.

Baba analinda saa. Kwa miaka 20 aliondoka alfajiri kwa king'ora cha mgodi. Sasa hakuna anayemwita, lakini saa kumi na moja anaamka, anavaa buti za kazi, anakagua lupango kutoka bombani hadi chooni, kisha anapanga zamu za kuosha sahani na kuzibandika mlangoni. Usimcheke wewe mwandishi. Andika zamu zile jinsi alivyoziandika, kwa rula, na jina la kila mtoto likitanguliwa na ukoo wake. Mtu huyu anazuia siku isimwangukie.

Mama analinda jina la Baba. Ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza makala, yaani makaa, getini, lakini hataki majirani walione hilo, na zaidi hataki watoto walione. Kwa hiyo kila usiku, Baba akilala, anatia faranga za kesho katika mfuko wa shati lake lililotundikwa mgongoni mwa kiti. Asubuhi Baba anazitoa mbele ya wote na kusema, "Mama, shika za soko." Mama anazipokea kwa mikono miwili.

Ukipata kitu cha namna hiyo, umepata hadithi. Hapo kuna cheko na kuna maumivu, na huwezi kuvitenganisha hata ukitaka.

Njia nzuri ya kugundua nani analinda nini ni kuwaweka wote mbele ya kuku mmoja. Katika nyumba nyingi za kwetu firigisi ni ya baba, na kila mtoto anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Swali la kujiuliza ni hili: kuku amenunuliwa na baba mdogo, ambaye ana mshahara, na anakula kwa kaka yake, ambaye hana. Firigisi ni ya nani? Mama ndiye anayepakua. Andika mkono wake ukiwa na kijiko juu ya sufuria, andika nani anatazama wapi, na usimruhusu yeyote kusema neno "firigisi". Nimewapa vijana zoezi hili mara nyingi. Wanaotaka kuchekesha huandika mistari mitano ya mizaha. Wanaoelewa huandika kurasa tatu, na chumba kizima kinacheka kijiko kikining'inia tu.

Hatua ya tatu: chagua mtoto atakayeona vibaya

Msimulizi wa hadithi ya kukua awe na umri unaojulikana. Miaka 12 ni mizuri: anaona kila kitu, na anaelewa nusu. Mvulana wetu wa miaka 12 anaamka usiku kwenda kunywa maji na kuona mkono wa Mama ndani ya mfuko wa shati la Baba. Anahitimisha kuwa mama yake ni mwizi.

Msomaji ataelewa ukweli kurasa kumi kabla yake, na kurasa hizo kumi ndizo zitakazomchekesha. Mtoto anakesha kumlinda Baba asiibiwe. Anahamisha shati. Anafunga mfuko kwa pini. Asubuhi Baba anatia mkono mfukoni mbele ya wote, na mfuko ni mtupu, kwa sababu mwanawe amemlinda vizuri mno.

Mtoto huyu asiwe mjanja. Kuna mtindo wa kumpa mtoto maneno ya mtu wa miaka 40 ili atoe hekima. Achana nao. Ajue mambo ya mtoto: ubao gani unalia ukiukanyaga, jirani gani hupika samaki Ijumaa, sauti gani ya Baba ina maana ya kukimbia.

Hatua ya nne: mpe kila mtu Kiswahili chake

Msimulizi wangu husimulia kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu nataka mtu wa Kigoma, Mombasa na Bujumbura anifuate. Watu wakifungua mdomo wanaongea kama Lubumbashi:

– Papa, makuta ya masomo iko wapi?
– Feza iko. Iko mu njia.
– Ile njia iko mulefu, baba, akasema Mama.

Yaandike hayo kwa sanifu, "Pesa za shule ziko wapi, baba?", "Zipo njiani", na maana itabaki, lakini yule mama atakuwa ameondoka. Nguvu yake iko katika sauti ya upole ya mke anayemwita mumewe baba mbele ya watoto, na katika neno lile moja, mulefu.

Baba akibanwa huhamia Kifaransa: "Mimi njo responsable hapa!", yaani mimi ndiye mwenye dhamana hapa. Mara ya kwanza msomaji anaona ukali. Mara ya pili anaanza kushuku. Mara ya tatu Baba akivuta pumzi tu, msomaji anajua kinachokuja na anajua Baba ameshashindwa. Kwa hiyo lihesabu neno hilo, usilimwage kila ukurasa.

Jambo moja nalisisitiza sana: Kiswahili cha watu wetu kisiwe ndicho kichekesho. Mtu akisema "banaenda" au "bintu", hajakosea kitu, anaongea lugha ya mama yake. Ukiona unaandika matamshi ili msomaji amcheke mnenaji, futa.

Kwa maneno yanayoweza kumpotosha msomaji wa mbali, tumia sentensi ya kwanza kumwonyesha njia. Kwetu bibi ni mke, na mama mzaa baba ni kambo. Yaya si mlezi wa watoto, ni dada au kaka mkubwa. "Kambo, mama yake Baba, alikuwa na meno manne" inatosha, hakuna haja ya maelezo chini ya ukurasa.

Hatua ya tano: fuata sheria za utani

Usibuni nani anaweza kumcheka nani. Sheria zipo, na zina umri mkubwa kuliko mji huu ulioanzishwa 1910. Kambo na mjukuu ni watani: anamwita mvulana wa miaka 12 "bwana yangu", anamdai nguo kama mke anavyodai. Baba na mama mkwe wake, kinyume chake, huheshimiana kiasi kwamba katika nyumba nyingi za Kiluba na Kibemba hawali pamoja.

Kwa hiyo kama Baba anahitaji kuambiwa ukweli kuhusu noti yake, Mama hawezi, na watoto hawathubutu. Kambo ataweza, tena kupitia mjukuu, Baba akiwa hatua mbili tu kutoka hapo: "Bwana yangu, mwambie yule mutoto yangu, feza yake iko mugonjwa, aipeleke ku lopitali." Baba amesikia kila neno na hana pa kujibu, kwa sababu hakuambiwa yeye.

Na ukitaka tukio la kuchekesha bila kutafuta sana, mlete mama mkwe usiku wa mvua, umeme umekatika, taa ni moja, na chumba kisichovuja ni kimoja.

Hatua ya sita: kila jaribio ligharimu zaidi ya lililotangulia

Katika rasimu yangu noti ilipita hivi. Jumatatu Baba anaipeleka kwa kambisti, mmoja wa wale wabadilisha pesa wanaokaa kando ya barabara na mabunda ya faranga yaliyofungwa kwa raba. Kijana anaiinua juani, anapitisha kidole kwenye mpasuko, anasema ataichukua kwa dola 40. Baba anairudisha mfukoni na kuondoka bila kuaga. Jumanne Mama anaibandika kwa chembe ya bukari, ugali wetu, na kuipiga pasi ya makaa, na sasa noti ina mpasuko na doa la kahawia. Jumatano baba mdogo anaitia katika sadaka akachukua chenji. Mzee wa kanisa anamfuata hadi lupangoni kuirudisha, kwa adabu kubwa, mbele ya wapangaji wote.

Tazama gharama. Jumatatu Baba amepoteza asubuhi moja. Jumanne noti yenyewe imeharibika. Jumatano ni jina la familia. Wanaoanza kuandika huweka tukio kubwa mwanzoni kisha wanashuka. Panga matukio yako kwenye karatasi ndogo, moja moja, uzisogeze mezani hadi kila moja liwe ghali kuliko la kabla yake.

Kuhusu wakati wa hadithi sina mengi: tarehe moja ambayo kila mtu anaijua inatosha. Jioni ya tarehe 14 Desemba 2010, Mazembe, timu yetu ya mpira, ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kipa wake Kidiaba akarukaruka kwa makalio kama kawaida yake, weka wajumbe wa mahari sebuleni, na redio chumba cha pili. Huhitaji kueleza zaidi.

Hatua ya saba: andika tukio kubwa kwa vitu, kisha toka mapema

Hapa Kongo kijana akifaulu mtihani wa taifa, yaani akipata asilimia 50 au zaidi, humwagiwa poda nyeupe kichwani hadi kwenye sare ya buluu na nyeupe, na mtaa mzima huimba. Zamani matokeo yalisikika redioni, sasa ujumbe huingia kwenye simu. Hivi ndivyo nilivyoandika siku hiyo:

*Baba alinunua poda Jumatatu, na matokeo yalitarajiwa Alhamisi. Aliiweka juu ya kabati akatuambia ni ya mtoto mchanga wa jirani. Hakuna jirani aliyekuwa na mtoto mchanga. Alhamisi saa nne simu ya Yaya ikalia. Akasoma, akakaa chini. Baba hakuuliza kitu. Alipanda kiti, akashusha kopo, akasimama nalo juu ya kiti, kifuniko mkononi, akingoja kuambiwa kama alimwage au alirudishe.*

Sikuandika kwamba Baba alikuwa na wasiwasi, wala kwamba alimpenda binti yake. Kopo limesema. Nikakata hapo hapo. Sura inayofuata inaanza na Kambo akifagia poda uani na kulalamika kuwa imemwingia puani. Msomaji anajua jibu kutoka kwenye ufagio.

Na kukua kwa yule mvulana? Nako kuwe kitendo. Kabla ya Ijumaa ya ada, anachukua noti kwa siri na kuipeleka kwa kambisti yule yule, anapokea zile 40 ambazo Baba alizikataa, na usiku anamkuta Mama kwenye kiti chenye shati. Mama anamtazama. Mvulana ananyoosha mkono wenye pesa. Mama anaongeza za kwake, na wanazitia mfukoni pamoja. Asubuhi Baba anatoa pesa za ada mbele ya wote, na mvulana anatazama chini kama Mama anavyotazama chini kila siku. Usimfanye aseme "siku hiyo nilielewa". Macho yake yakielekea sakafuni, amekua.

Hatua ya nane: isome kwa sauti, tena na watu

Kundi la maigizo la Mufwankolo liliwachekesha watu wa Lubumbashi kwa miaka mingi, kwa Kiswahili chao wenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefuatana nao mwaka 1986, alieleza jinsi walivyojenga mchezo bila maandishi kamili: wanakubaliana juu ya kisa, wanagawana nafasi, wanajaribu, wanabishana, wanajaribu tena. Fanya hivyo na kurasa zako. Wagawie ndugu watatu sehemu za Baba, Mama na Kambo, wasome mara moja, kisha weka karatasi chini waigize kwa maneno yao. Utasikia sentensi bora kuliko yako. Zichukue.

Sikiliza pia mahali wanapocheka bila wewe kutarajia. Pengine umegusa kitu cha kweli usichokiona, na hapo ndipo pa kuongeza ukurasa. Wanapocheka kwa adabu tu, kata.

Hatua ya tisa: kabla hujamwonyesha mtu wa nje

Kipigo hakichekeshi. Nimepokea hadithi ambamo mama anapigwa na msomaji anatarajiwa kucheka kwa sababu ya jinsi alivyokimbia. Niliirudisha, na nitairudisha tena. Njaa unaweza kuiandika kwa cheko kama aliyeishi nayo ndiye anayecheka. Siri ya mtu aliye hai, kama ugonjwa au mtoto wa nje, si yako hata kama ilitokea chumbani kwako. Badilisha kazi, mtaa, idadi ya watoto, hadi jirani asiweze kunyoosha kidole.

Kisha msomee mmoja wa wale uliowaandika. Usimpe karatasi, msomee wewe, ukiwa umekaa upande unaokuwezesha kuona uso wake. Mfuko wa shati ulitoka nyumbani kwetu, na rasimu hiyo nilimsomea mama yangu jikoni, akichambua sombe, kisamvu chetu. Hakucheka hadi nilipofika kwenye pini. Alicheka hapo, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaniambia niendelee. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo. Katika rasimu ile shati lilikuwa linaning'inia ukutani.

– Shati haikukuwa ku musumari, akasema. Ilikuwa ku kiti.

Nikachukua kalamu.